Panda kwa miguu: minara ya Ulaya inasomeka kwenye ngazi zake

Mnara wa Giralda pale Sevilla, kusini mwa Hispania, hauna ngazi. Yani unaingia pale chini ukitegemea vidato, unakuta njia ya mwinuko imetandikwa tofali inazunguka ndani ya kuta, inapanda kidogo, kona, inapanda tena, kona, vipande 35 hivyo hivyo mpaka karibu kabisa na kengele, vidato vya kawaida unavikuta vichache tu pale mwisho. Watalii wengi wanafurahi kwamba magoti yamepona na wanapita haraka haraka kuwahi picha za juu. Mi nadhani wanaacha kitu kikubwa kuliko hizo picha, manake ile njia ndiyo inayokwambia mnara ulikuwa wa nani.

Ulikuwa wa muadhini. Giralda ulianza kujengwa 1184 na kumalizika 1198, ukiwa mnara wa msikiti mkuu wa Sevilla enzi za watawala wa Almohad waliotoka Morocco. Adhana ni mara tano kwa siku, alfajiri hata kama baridi imekaza, na mnara wenyewe ni mrefu kweli kweli, kwa hiyo waliujenga na njia mtu anaweza kupanda akiwa amekaa juu ya mnyama. Ndivyo inavyosimuliwa mpaka leo, na ukipita mwenyewe ukaona upana wake na kona zake zilivyopimwa unakubali. Mji ulipochukuliwa na wafalme wa Kikristo wa Castilla mwaka 1248 msikiti ukageuzwa kanisa, baadae ukabomolewa likajengwa lile kanisa kubwa lililopo sasa, lakini mnara ukaachwa, na karne ya 16 ukaongezewa sehemu ya kengele juu, ikakamilika 1568. Ndo maana ukiutazama toka nje unaona kabisa kama umevishwa kofia ya watu wengine. Lakini ndani, miguu yako inatembea pale pale alipopita muadhini. Ndugu zake mnara huu wapo Marrakesh, ule wa Koutoubia, na Rabat kuna ule wa Hassan ambao haukumalizika, na yote ina njia kama hiyo hiyo ya mwinuko badala ya ngazi.

Hili ndilo ninalotaka kusema leo, nimelifikiria muda mrefu sana: minara ya zamani ya Ulaya haikujengwa ili sisi tukaangalie mandhari. Ilijengwa kwa watu wa kazi. Muadhini, mpiga kengele, mlinzi wa moto, fundi mwashi, mtaalamu wa nyota, askari. Na ngazi ndiyo sehemu pekee ya jengo iliyotengenezwa kwa ajili yao, sio kwa ajili ya mfalme wala askofu wala wapita njia wa kule chini, kwa hiyo ukipanda na lifti ukafika juu, ukapiga selfie, ukashuka, umeona paa za nyumba za watu lakini huo mnara wenyewe hujauona.

Chukua ule Mnara wa Mviringo wa Copenhagen, Denmark, unaoitwa Rundetårn, ulikamilika 1642 zama za mfalme Christian wa Nne. Nao hauna ngazi, una njia ya mwinuko inayozunguka mara saba na nusu. Juu kulikuwa na sehemu ya kuangalia nyota na katikati kulikuwa na maktaba ya chuo kikuu, sasa fikiria kupandisha vitabu na vyombo vizito vya nyota kwenye ngazi nyembamba za kujipinda, haiwezekani, ndo wakajenga barabara ndani ya mnara. Mwaka 1716 mfalme Peter Mkuu wa Urusi aliupanda akiwa juu ya farasi, watu wanaisimulia hiyo sana, lakini mi nikipita pale nawaza zaidi wale waliobeba vitabu.

Sasa Florence, Italia. Hapa naomba mnivumilie maana nitakaa.

Kuba la kanisa kuu la Santa Maria del Fiore lina ngazi 463 na hakuna lifti. Kanisa lilikuwa limekaa miaka na miaka likiwa na tundu kubwa juu, karibu mita 45 upana, na hakuna aliyejua atalifunikaje. Shida yenyewe ni hii: kawaida ukijenga kuba au tao unaweka kwanza fomu ya mbao chini yake, inashikilia tofali mpaka udongo ukauke na duara lijifunge lenyewe. Kwa tundu la upana ule, na kwa kimo kile, mbao za kutosha zilikuwa ni mtihani, na hata zingepatikana ingebidi zisimame miaka mingi. Mwaka 1418 likatangazwa shindano, na kazi ikamwangukia Filippo Brunelleschi, mtu aliyesomea usonara, ambaye alisema atajenga bila fomu kutoka chini. Wakaanza 1420, wakafunga kuba 1436. Zaidi ya tofali milioni 4.

Nilivyokuwa napanda nikafika pale ambapo ngazi zinaingia katikati ya makuba mawili, manake ni mawili kweli, moja ndani nene na jingine nje jembamba kidogo, na njia ya kupanda inapita kwenye nafasi iliyobaki katikati yao. Ukuta wa kulia unakuinamia, wa kushoto unakukimbia. Nikasimama pembeni watu wapite nikampigia video mjomba wangu Tanga, amekuwa fundi mwashi maisha yake yote, na nilikuwa nimemuahidi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hebu acha sura yako, nionyeshe ukuta."

Nikageuza simu. Akakaa kimya kidogo, nikadhani mtandao umekata.

"Hapo mbona kuna tofali zimesimama katikati ya zilizolala?"

Nikamwambia zimepangwa hivyo kuzunguka kuba zima, safu zilizosimama zinapanda kwa mshazari, zinabana zile zilizolala.

"Na mirunda?"

"Hakukuwa na mirunda toka chini mjomba. Walikuwa wanaenda na duara hivyo hivyo."

"Basi hizo zilizosimama ndizo mirunda yenyewe," akasema. "Zinashika wenzao wasiteleze udongo ukiwa mbichi. Huyo bwana alikuwa anajua. Na hao waliokuwa wanapanga, hao walikuwa wanajua zaidi, maana mstari ukikosea hapo pote panapotea."

Nimesoma maelezo mengi kuhusu lile kuba, na hayo ya mjomba ndiyo yaliyonikaa. Ukweli ni kwamba hizi ngazi 463 ndizo njia waliyokuwa wanapita wale waashi asubuhi kwenda kazini, wengine kushuka jioni tu, maana inasimuliwa kwamba Brunelleschi alipanga chakula kiuzwe huko huko juu ili watu wasipoteze nguvu na muda kupanda na kushuka mchana. Alitengeneza pia mtambo wa kunyanyua mizigo uliozungushwa na ng'ombe, ambao ungeweza kupandisha au kushusha bila kumgeuza ng'ombe, unabadili gia tu. Ng'ombe! Mwaka 1420 na kitu! Katikati ya safari unatoka kwenye varanda nyembamba ndani ya kuba, juu yako kuna mchoro mkubwa wa Hukumu ya Mwisho ulioanzwa na Vasari 1572 na kumaliziwa na Zuccari 1579, na unaona sura za mashetani ukubwa wa mlango. Kisha unaingia tena ukutani, na sehemu ya mwisho kabisa unapanda juu ya mgongo wa kuba la ndani lenyewe, ngazi zimesimama wima kiasi kwamba mikono inasaidia. Brunelleschi alifariki 1446 na amezikwa chini humo humo kanisani. Kaburi lake lilikuja kugundulika 1972.

Tiketi za kuba zinakatwa mapema kwa muda maalum na zinaisha, kwa hiyo usiende ukitegemea kununua mlangoni. Begi kubwa usibebe. Mwenye matatizo ya moyo au anayeogopa sehemu zilizobana asijilazimishe kabisa, hakuna pa kugeuzia.

Kuhusu ngazi za kujipinda, mtaisikia kila ngome mtakayokwenda: kwamba zilijengwa zikipinda kulia ukiwa unapanda ili adui anayepanda ashindwe kutumia mkono wake wa kulia wenye upanga, na anayeteremka kujilinda awe huru. Inavutia kuisikia, ila watafiti wa ngome wengi siku hizi hawaikubali, kuna ngome zenye ngazi za pande zote mbili na ushahidi wa zamani wa hiyo sababu hauonekani. Naitaja kwa sababu inauma kidogo kwamba kila ngazi tunaitafutia vita, wakati siku nyingi za mwaka aliyepanda pale alikuwa mtumishi amebeba maji au kuni.

Köln, Ujerumani. Ngazi 533 kwenye mnara wa kusini wa kanisa kuu, jiwe limelika katikati kwa miguu ya watu, na kuta zimejaa majina yaliyokwaruzwa. Kanisa lilianza 1248 na likamalizika 1880, nasema tena, 1248 mpaka 1880. Katikati hapo kazi ilisimama, na juu ya kisiki cha mnara huu huu wa kusini likabaki winchi kubwa la mbao la kupandishia mawe, likakaa pale zaidi ya miaka 300, vizazi na vizazi vya watu wa Köln vikazaliwa na kufa vikiliona linasubiri, mpaka likaondolewa 1868 baada ya ujenzi kuanza tena. Ukiwa unapanda unapita chumba cha kengele na ndani mna kengele ya tani 24, ilitengenezwa 1923, inapigwa siku kubwa tu. Hata zile ndogo zikianza kulia ukiwa karibu unazisikia kwenye mbavu kabla ya masikio.

Ulm, Ujerumani hiyo hiyo, kanisa lake nalo lina ngazi 768, mnara wa mita 161 na nusu, uliokamilika 1890. Nimepanda, nilichoka, view ni nzuri, sina la zaidi. Mnara huo ulijengwa uwe mrefu na ni mrefu kweli.

Walionigusa kuliko wote ni walinzi wa usiku, na kwa hili inabidi twende Kraków na Lausanne, maana kule kazi yenyewe bado inafanyika.

Kraków, Poland, kanisa la Bikira Maria pembeni ya uwanja mkuu lina minara miwili isiyolingana. Kwenye ule mrefu, kila saa, mchana na usiku, tarumbeta inapigwa kuelekea pande nne za mji, wimbo mfupi ule ule mara nne, na kila mara unakatika ghafla katikati. Watakusimulia kwamba mlinzi wa kale alikuwa anatangaza uvamizi wa Watatari akapigwa mshale wa koo kabla hajamaliza. Hadithi hiyo ni changa, haionekani kwenye maandishi ya kale, ila wimbo wenyewe ni wa siku nyingi na kazi ya mlinzi ilikuwa ya kweli: kutangaza mageti ya mji yanafunguliwa au yanafungwa, kutangaza moto. Na wapigaji wa leo ni nani? Ni wazimamoto. Wameajiriwa na jeshi la zimamoto, wanapokezana zamu juu kule, na saa sita mchana wimbo unarushwa moja kwa moja kwenye redio ya taifa tangu 1927. Ukipanda msimu ambao mnara uko wazi unaweza kumwona aliye zamu akifungua dirisha, anapiga, anafunga, anahamia dirisha jingine. Akimaliza anapunga mkono kwa watu wa chini. Nilisimama nikawaza huyu mtu anaamka saa tisa usiku, theluji inaanguka, uwanja hauna hata mbwa, na anapiga mara nne vile vile kama mchana.

Lausanne, Uswisi, hakuna tarumbeta, ni sauti ya mtu. Tangu 1405, mwaka ambao mji uliungua vibaya, kuna mlinzi kwenye mnara wa kanisa kuu ambaye kila usiku kuanzia saa nne mpaka saa nane anatoka na kofia na taa yake, anaweka mikono mdomoni, anaita pande zote nne kwamba huyu ni mlinzi na saa imegonga kadhaa. Kila usiku wa mwaka. Mwaka 2021 kwa mara ya kwanza aliajiriwa mwanamke kwenye kazi hiyo. Moto sasa unatangazwa kwa simu, saa iko mfukoni kwa kila mtu, lakini mji umekubali kumlipa mtu apande ngazi usiku aseme "nipo macho". Mimi naona ni pesa iliyotumika vizuri sana na sitaki hata kubishana. Nenda mchana upande mnara, halafu urudi usiku usimame chini umsikilize, utakuwa unajua anatokea wapi na amepita wapi.

Halafu kuna minara ambayo inaumwa.

Pisa kila mtu anaujua kwa zile picha za kuusukuma kwa mikono, na ni bahati mbaya, manake ukiupanda unaelewa kitu ambacho picha haina. Ngazi zinapita ndani ya unene wa ukuta na kuzunguka, kwa hiyo upande mmoja unasukumwa ukutani, ukizunguka unavutwa upande wa pili, na vidato vya marumaru vimelika pale pale ambapo mwili unalemewa, kuna sehemu vimelika kushoto, kuna sehemu kulia. Ulianza 1173, na walipofika ghorofa ya tatu ardhi laini ya chini ikaanza kudidimia. Ujenzi ulisimama karibu karne nzima kwa sababu ya vita, na wataalamu wanasema huko kusimama ndiko kulikouokoa, ardhi ilipata muda wa kujikaza. Waliorudi kuendelea wakajaribu kunyoosha sehemu za juu, kwa hiyo mnara umeinama na pia umepinda. Mwaka 1989 mnara wa zamani wa mji wa Pavia, pia Italia, ulianguka ghafla ukaua watu wanne, na mwaka uliofuata Pisa ukafungwa kwa wageni. Wahandisi wakaweka vizito vya risasi upande wa kaskazini, baadae wakachimba na kutoa udongo kidogo kidogo chini ya upande huo huo ulioinuka, mnara ukarudi zaidi ya sentimita 40, ukafunguliwa tena 2001. Hawakuunyoosha kabisa na walifanya vizuri.

Bologna jirani yake mambo bado. Ile minara miwili ya mjini, Asinelli wa mita 97 wenye ngazi 498 za mbao, na Garisenda wa mita 48 ulioinama sana hata mshairi wa kale Dante aliutaja, eneo lake lilizungushiwa uzio 2023 baada ya vipimo kuonyesha Garisenda una hali mbaya, na Asinelli nao kufungwa kwa usalama. Mi niliwahi kuupanda Asinelli kabla ya hapo. Zile ngazi za mbao zinanesa na kulia kila hatua.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezewa sana jambo hili. Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja, jumba la 1883, mnara wake na sehemu ya mbele vilianguka Desemba 2020 wakati matengenezo yanaendelea, watu wakapoteza maisha. Kila nikiona waya za kupimia nyufa kwenye ukuta wa mnara Ulaya nalikumbuka lile vumbi kwenye video.

Nimalizie na Lisbon, maana huko ndiko mnara ulinipa tabu ya moyo.

Mnara wa Belém upo ukingoni mwa mto Tagus, ulijengwa miaka ya 1514 hadi 1519 hivi, amri ya mfalme Manuel wa Kwanza. Ni mdogo kuliko yote niliyotaja. Ngazi yake ni moja, ya kujipinda, nyembamba sana, kiasi kwamba kuna taa za kuongoza watu, sasa wanapanda, sasa wanashuka. Ni ngazi ya askari. Walikuwa wanalinda lango la mto, njia ya meli zilizokwenda na kurudi kutoka kwetu. Vasco da Gama alipita hapo 1497, mwaka 1498 akawa Mombasa na Malindi, na alipokuja tena 1502 aliingia Kilwa na mizinga akamlazimisha mtawala kulipa dhahabu. Mwaka 1505 ukaja msafara mwingine wa Wareno, Kilwa ikavamiwa, Mombasa ikachomwa moto.

Dhahabu ile ipo. Sio hadithi, unaweza kuiona kwa macho. Iko kwenye jumba la taifa la sanaa za kale, Museu Nacional de Arte Antiga, hapo hapo Lisbon, imefuliwa kuwa chombo cha ibada cha kanisa kinachoitwa Custódia de Belém, kazi ya sonara Gil Vicente, ilikamilika 1506, na maandishi yaliyochongwa kwenye chombo chenyewe yanasema mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi za Kilwa. Ni kazi nzuri mno, vidole vya sonara vilikuwa na ufundi wa ajabu, na nilikaa mbele ya kioo mpaka mlinzi wa chumba akaanza kunizunguka. Vasco da Gama mwenyewe kaburi lake liko kwenye monasteri ya Jerónimos, karibu na mnara, jiwe limechongwa safi, watu wanapiga picha.

Kwa hiyo nikienda na mtu Lisbon naanza naye kwenye lile jumba la sanaa, aione dhahabu ya Kilwa kwanza, asome yale maandishi, halafu ndo tunakwenda Belém kupanda. Kwa mpangilio huo, ukiwa kwenye ile ngazi nyembamba unajua walikuwa wanalinda nini. Angalieni tu tarehe kabla ya kukata tiketi za ndege, mnara ulifungwa 2025 kwa matengenezo, na mkipata nafasi mwende siku ya kazi asubuhi mapema, foleni ya pale inakaa juani na taa ya kupanda inachelewa.